Ufa Kabla ya Ukuta

Ngome nyeusi ilikuwa imetulia mraba wa e7, haiguswi wala haitishwi na kete yoyote. Ilikuwa mwaka 1953 nchini Uswisi, raundi ya pili ya mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia wa sataranji, mashindano yaliyoanzia mji wa Neuhausen na kumalizikia Zurich. Mwenye kete nyeupe alikuwa Samuel Reshevsky, Mmarekani mzaliwa wa Poland, ambaye utotoni alizungushwa mji hadi mji akiwafunga watu wazima wengi kwa mpigo. Askari wake wawili walikuwa wamesimama katikati ya ubao. Nyuma yao ngome na maaskofu walingoja njia ifunguke tu, wapite wote kama maji ya bwawa lililobomoka.

Mwenye kete nyeusi alikuwa Tigran Petrosian, Muarmenia wa miaka 24. Kwenye hatua ya 25 aliinyanyua ngome ile na kuisogeza mraba mmoja tu mbele, akaiweka e6, mdomoni mwa askofu wa Reshevsky.

Kwa hesabu wanayofundishwa watoto siku ya kwanza, ngome ina thamani ya askari watano na askofu ana thamani ya watatu. Petrosian alikuwa anatoa tano apokee tatu. Hapakuwa na shambulio lililofuata, wala mtego wa kumnasa mfalme. Kwa mtazamaji wa kawaida, kijana alikuwa amechanganyikiwa.

Kwa nini hatua hiyo inasimuliwa mpaka leo? Jibu linaanzia miaka mia moja nyuma, wakati kujilinda kulipohesabiwa kuwa kazi ya waoga.

Tarehe 21 Juni 1851, jijini London, Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka Breslau, alicheza mchezo wa kupoteza muda tu na Lionel Kieseritzky, aliyekuwa akiishi Paris kwa kufundisha sataranji. Anderssen alitoa askofu. Akatoa ngome ya kwanza, akatoa ya pili, mwisho akamtoa malkia. Kieseritzky alikula kila alichowekewa. Hatua ya 23 mfalme wake alinaswa kwenye mraba wa d8 na askofu mmoja pamoja na farasi wawili, huku yeye mwenyewe akiwa amepoteza askari watatu tu katika mchezo mzima. Utajiri wote ulikuwa kwake, na hakuna hata senti moja iliyomsaidia, maana nusu ya jeshi lake lilikuwa bado limelala nyumbani.

Mchezo huo ukapewa jina la Mchezo Usiokufa, na unastahili. Lakini ukiutazama kwa jicho la anayeshambuliwa, unashangaza kwa namna nyingine. Kieseritzky hakuwa mchezaji dhaifu hata kidogo. Hakuwa na elimu ya kujilinda, kwa sababu elimu hiyo haikuwapo. Adabu ya zama zile ilikuwa ukitolewa kafara uipokee, kama mgeni anayekaribishwa chakula. Kukataa kulionekana ni ubahili wa roho. Na baada ya kupokea, ulitarajiwa kuuawa kwa uzuri.

Aliyeivunja adabu hiyo alikuwa mtu mfupi, mkali wa maneno, mzaliwa wa Prague: Wilhelm Steinitz. Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alianza kama mshambuliaji wa kupindukia, na mwaka 1866 alimshinda Anderssen kwa michezo 8 dhidi ya 6, bila sare hata moja. Kisha, kuanzia mashindano ya Vienna ya mwaka 1873, akabadilika. Alianza kudai kwamba shambulio haliwezi kufaulu hivihivi kwa kuwa mshambuliaji ana kipaji. Lazima kwanza pawe na kasoro upande wa pili. Kama kasoro haipo, shambulio lile ni deni, na mjilinzi kazi yake ni kulidai kwa subira.

Steinitz alifundisha mambo ambayo leo mtoto huyapata katika wiki za mwanzo za darasa. Usiwasogeze ovyo askari walio mbele ya mfalme wako, kwani kila askari anayeondoka anaacha tundu lisilozibika; askari harudi nyuma. Ukipewa kafara, ichukue, lakini uwe tayari kuirudisha wakati wowote adui anapokaba sana, maana mali ya kafara ni akiba ya kununulia amani. Na mfalme asionewe huruma kupita kiasi, naye ana miguu. Steinitz alikuwa akimtembeza mfalme wake katikati ya ubao, malkia wote wawili wakiwa bado hai, jambo lililowafanya wenzake wadhani ameingiwa na kichaa.

Walimcheka, kisha wakaanza kushindwa naye. Mwaka 1886 alimshinda Johannes Zukertort huko Marekani katika pambano linalohesabiwa kuwa la kwanza rasmi la ubingwa wa dunia. Miaka sita baadaye, Havana, alikutana na Mrusi Mikhail Chigorin, shujaa wa mashambulizi ya kale. Mchezo wa 23 ndio uliokuwa wa kuamua: Chigorin akishinda, wangelingana kwa michezo tisa kila mmoja. Naye alikuwa anashinda kweli, amemzidi Steinitz kete nzima. Ngome mbili za Steinitz zilikuwa zimeingia ndani ya safu ya pili, zikimnyemelea mfalme mweupe, lakini zilizuiwa na askofu mmoja aliyesimama mbali kabisa, mraba wa d6, akiulinda mraba wa h2 kama bawabu. Kwenye hatua ya 32 Chigorin akamwondoa bawabu. Ngome ikala h2, na kwa kuwa hatua iliyofuata ilikuwa kifo, Chigorin akakubali kushindwa.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kushambulia na kujilinda. Mshambuliaji akisahau jambo moja, shambulio linapoa, basi. Mjilinzi akisahau jambo moja, amekwisha.

Emanuel Lasker, aliyemvua Steinitz taji mwaka 1894 na kulishikilia kwa miaka 27, aliongeza ukorofi kwenye elimu hiyo: akiwa matatani alichagua njia iliyo ngumu zaidi kwa mpinzani, hata kama si bora, ili naye atoke jasho. Lakini aliyegeuza kujilinda kuwa falsafa alikuwa Aron Nimzowitsch wa Riga. Katika vitabu alivyovitoa miaka ya 1920 alisema kwamba kazi kubwa ya mchezaji ni kuzuia jambo ambalo mpinzani bado hajalifanya, pengine hata hajaliwaza. Waswahili tunayo habari hiyo siku nyingi, habari ya ufa na ukuta. Nimzowitsch alikwenda mbali zaidi: alitaka ufa uzibwe kabla haujaonekana.

Kimoja cha vitabu hivyo kilifika Tbilisi, mikononi mwa mvulana wa Kiarmenia.

Petrosian alizaliwa mjini humo tarehe 17 Juni 1929. Baba yake alikuwa mlinzi wa jengo. Wazazi wote wawili walifariki miaka ya Vita Kuu ya Pili, na kijana akashika ufagio, akawa mfagiaji wa barabara ili apate riziki. Ndiyo miaka ambayo masikio yake yaliharibika, na maisha yake yote ya utu uzima alitumia kifaa cha kusikilizia. Jioni alikwenda kwenye klabu ya vijana, kwa mwalimu aitwaye Archil Ebralidze, ambaye aliwachukia wachezaji wa kubahatisha na kuwataka wanafunzi wafuate mantiki. Kitabu cha Nimzowitsch alikinunua wakati chakula chenyewe kilikuwa cha mgao. Alikisoma hadi akakikariri, na ilisimuliwa kwamba alikilaza chini ya mto.

Ni rahisi kusema kwamba mtoto aliyepoteza kila kitu mapema atakua akiogopa kupoteza zaidi. Maelezo hayo ni mepesi mno. Wako mayatima wengi walioshika ufagio katika miaka ile, na hakuna mwingine aliyeisogeza ngome yake hadi e6.

Sasa turudi Neuhausen. Petrosian alikuwa ameutazama ubao muda mrefu na kuona kwamba hatari yote imo katika wale askari wawili wa katikati. Wakisogea, kila kete nyeupe inapata uhai. Wakizuiliwa wasisogee, maaskofu wa Reshevsky watabaki wanachungulia migongo ya askari wao wenyewe. Kizuizi bora kingekuwa farasi kwenye mraba wa d5, mahali ambapo hakuna askari mweupe wa kumfukuza. Farasi wake alikuwa c6. Njia ya kwenda d5 ilipitia e7. Na e7 palikaliwa na ngome.

Ndiyo sababu ngome iliondoka. Kwenda e6 ilikuwa na faida ya pili: ikiliwa, askari mweusi ataila kete iliyokula, na hapo naye ataufunga mlango wa katikati na kumpa farasi mlinzi wa kudumu. Hatua iliyofuata farasi alikwenda e7. Reshevsky akaila ngome. Farasi akafika d5 akakaa, na lile bwawa lililokuwa karibu kubomoka likatulia. Muda si mrefu Reshevsky mwenyewe alilazimika kuirudisha ngome moja kwa askofu, na baada ya hatua 41 wakapeana mikono: sare.

Nusu pointi tu. Lakini wachezaji walioutazama mchezo huo walielewa kwamba hesabu ya tano kwa tatu imepata kasoro. Ngome isiyo na njia ya kupita haifai tano. Farasi aliyekaa mahali asipong'oleka anafaa zaidi ya tatu. Kabla ya hapo ngome ilitolewa kafara ili kumuua mfalme. Petrosian aliitoa ili mambo yatulie, na akaendelea kufanya hivyo maisha yake yote hadi kafara ya aina hiyo ikawa kama jina lake la pili.

Hii haina maana kwamba alikuwa hapatwi na bahati mbaya. Miaka mitatu baadaye, Amsterdam, alimbana David Bronstein mpaka Bronstein akabaki hana la kufanya ila kumrusha farasi mmoja huku na huku, hatua baada ya hatua, kama mtu anayepunga mkono apate hewa. Katika kurukaruka huko farasi akatua f5, akimtazama malkia wa Petrosian uso kwa uso. Petrosian hakumwona. Alisogeza kete nyingine, farasi akamla malkia, mchezo ukaisha. Mlinzi hodari kuliko wote alinyang'anywa malkia mchana kweupe na kete pekee ya adui iliyokuwa ikitembea. Pengine ni kwa sababu alikuwa amezoea kuzitafuta hatari zilizoko hatua kumi mbele.

Hatari za mbali ndizo zilizokuwa riziki yake. Hamburg, mwaka 1960, dhidi ya Mjerumani Wolfgang Unzicker, alikuwa na nafasi nzuri na alikusudia kufungua njia za kushambulia upande wa kulia, ambako ndiko alikokaa mfalme wake mwenyewe. Mchezaji mwingine angeanza shambulio na kumwombea mfalme dua. Petrosian alimnyanyua mfalme akamtembeza mraba kwa mraba, polepole, mpaka upande wa pili wa ubao, mbali na mahali ambapo vumbi lingetimka. Unzicker aliangalia safari hiyo nzima bila uwezo wa kufanya chochote. Mfalme alipofika, ndipo milango ya kulia ikafunguliwa, na Petrosian akashinda.

Mtindo huo haukumpa marafiki wengi majukwaani. Watazamaji walitaka damu, naye aliwapa sare. Mwaka 1962, kisiwani Curaçao, alishinda mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa bila kupoteza hata mchezo mmoja kati ya 27: alishinda 8 na kutoka sare 19. Michezo yote aliyocheza na Paul Keres na Efim Geller, raia wenzake wa Umoja wa Kisovieti, iliisha kwa sare, mingi kwa hatua chache. Bobby Fischer wa Marekani, akiwa na miaka 19, aliandika jaridani kwamba Wasovieti wamepanga matokeo, na utaratibu wa mashindano ukabadilishwa baadaye. Lawama hiyo ina uzito wake, na mwandishi wa haki hawezi kuificha. Hata hivyo mwaka uliofuata, Moscow, mbele ya bingwa Mikhail Botvinnik hakukuwa na wa kupanga naye. Petrosian alipoteza mchezo wa kwanza, akajikusanya, na kumaliza kwa pointi 12.5 dhidi ya 9.5. Yerevan, mji mkuu wa Armenia, ilisherehekea kama nchi iliyopata uhuru. Watu walijaa uwanjani wakifuatilia kila hatua kwenye ubao mkubwa.

Mwaka 1966 kijana Boris Spassky alikuja kumpokonya taji. Hapo dunia ilionyeshwa kitu ambacho wengi hawakukitarajia. Katika mchezo wa 10 Spassky alivamia, Petrosian akatoa ngome kwa kete ndogo, halafu akatoa ya pili, na ghafla wavamizi wakawa ndio wanaokimbia. Kwenye hatua ya 30 Petrosian alimtupa malkia wake kwenye kona ya h8, mikononi mwa mfalme mweusi. Mfalme akimla, farasi mweupe anaruka na kumtisha mfalme na malkia kwa pamoja, na hesabu inayobaki ni ya kushindwa. Spassky hakungoja. Petrosian akalitetea taji kwa 12.5 dhidi ya 11.5, bingwa wa kwanza kumshinda mpinzani katika pambano la ubingwa tangu Alexander Alekhine afanye hivyo mwaka 1934.

Spassky alirudi mwaka 1969 na safari hiyo akalichukua.

Yapo mambo mawili ya miaka ya mwisho yanayostahili kusimuliwa pamoja, kwa kuwa mtu wa pili ni mmoja. Mwaka 1971, mjini Seville, Petrosian alipangiwa Mjerumani kijana Robert Hübner katika hatua ya robo fainali. Kelele za mtaani zilimkera Hübner kiasi kwamba, alipopoteza mchezo wa saba baada ya sare sita, alijitoa. Petrosian kelele hazikumsumbua: alizima kifaa chake cha kusikilizia. Mwaka mmoja baadaye, Skopje, kwenye Olimpiadi ya sataranji, walikutana tena, na muda wa Petrosian ukaisha kwenye saa kabla hajafanya hatua zilizotakiwa. Alicheza Olimpiadi 10, jumla ya michezo 129, akashinda 78 na kutoka sare 50. Ule mmoja wa Skopje ndio pekee aliopoteza, tena kwa saa.

Alifariki Moscow tarehe 13 Agosti 1984. Leo sura yake imo katika noti ya dram 2000 ya Armenia, na tangu mwaka 2011 sataranji ni somo la lazima katika madarasa ya chini ya shule za nchi hiyo.

Ukuta aliouacha uliendelea kujengwa na wengine. London, mwaka 2000, Garry Kasparov, mshambuliaji aliyeitisha dunia kwa miaka 15 akiwa bingwa, alikutana na Vladimir Kramnik. Mara kwa mara Kasparov alipofungua mchezo kwa njia yake ya kawaida, Kramnik alimtolea ulinzi wa zamani uitwao wa Berlin, uliokuwa umesahaulika kiasi cha kukaribia kuwa kichekesho. Katika ulinzi huo malkia wote wawili huliwa kufikia hatua ya nane, na mfalme mweusi hubaki katikati bila ruhusa ya kujificha pembeni. Kwa macho ni balaa. Lakini bila malkia, mfalme yule hana wa kumtisha, na askari weupe waliosonga mbele wanageuka kuwa mzigo. Kasparov aliugonga ukuta huo mara nne, ikawa sare mara nne. Pambano zima la michezo 15 hakushinda hata mmoja, na taji likaondoka.

Kompyuta zilipoanza kucheza vizuri kuliko binadamu zilithibitisha jambo ambalo Lasker alilijua kwa hisia: nafasi nyingi ambazo watu walikata tamaa nazo zilikuwa bado zinaokoleka. Kizazi kilichokua na mashine hizo hakikati tamaa upesi. Mfano wake ni Sergey Karjakin, aliyeitwa na mashabiki wa Urusi Waziri wa Ulinzi. New York, Novemba 2016, dhidi ya bingwa Magnus Carlsen, alijiokoa katika mchezo wa tatu uliokwenda hatua 78, kisha siku iliyofuata akajiokoa tena katika hatua 94, michezo ambayo Carlsen alikuwa ameishika kooni. Wa nane Karjakin akashinda. Wa kumi Carlsen akasawazisha. Baada ya michezo 12 walikuwa 6 kwa 6.

Tarehe 30 Novemba, siku Carlsen alipotimiza miaka 26, wakacheza michezo minne ya muda mfupi kuamua. Katika wa pili Karjakin alibanwa hadi dakika ya mwisho akachomoka na sare baada ya hatua 84. Wa tatu ukuta ukapasuka. Wa nne alilazimika kushinda, kwa hiyo safari hii yeye ndiye aliyeshambulia, naye Carlsen ndiye aliyejilinda. Kwenye hatua ya 50 Carlsen alimweka malkia wake h6, mbele ya mfalme mweusi. Kulikuwa na njia mbili za kumla, moja kwa mfalme na moja kwa askari, na kila moja ilifuatwa na kifo katika hatua iliyofuata. Karjakin aliutazama ubao kidogo, kisha akanyoosha mkono.